Kiapo Alichokiacha Bosi wa Yadi

Siku yangu ya kwanza kazini, Bosi alinikuta nimekalia friji la mtu.

Ilikuwa Arlington, Texas, katikati ya miaka ya tisini, mwezi wa Agosti, jua la kulainisha lami. Nilikuwa nimefika kwa basi kutoka Houston. Kule nilikuwa nimeosha vyombo, nimepaka nyumba rangi, nimeezeka mapaa na kuuza viatu vya mtumba kwenye gulio la Jumamosi, na kila kazi niliiacha mara nilipokwisha kuelewa inavyofanywa. Hata shule ya Mombasa niliiacha vivyo hivyo, kabla sijamaliza darasa la saba. Nilipojua kusoma niliona mengine nitayasoma njiani.

"Wewe ndiye kijana wa Houston?" aliniuliza, ingawa nilikuwa nimevuka arobaini na yeye nimempita kwa umri.

"Ndiye mimi."

"Unajua kupakia kontena?"

"Sijui. Lakini nataka kujua."

"Basi shuka. Hapa hakuna viti, kuna mali ya watu. Hilo friji ni la mama mmoja wa Kisumu, na akija akikuta umelikalia atatusomea Biblia nzima."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Bosi alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, shati jeupe na tai juu, buti za kazi chini. Alizaliwa mkoa wa Pwani ya Kenya, ndani mbali na bahari, akaja Texas kusomea uhandisi, akajikuta kila Mkenya aliyemjua anamwomba amsaidie kusafirisha kitu nyumbani: kitanda, mashine ya kushonea, jenereta, godoro la mama. Mwishowe akakodi yadi na kununua foklifti kuukuu ya kunyanyulia mizigo, na biashara ikamvuta kuliko uhandisi.

Vijana mnaotuma mzigo siku hizi kwa kubonyeza simu, nitawaeleza ilivyokuwa. Kupakia ni kazi ya akili kabla haijawa kazi ya mabega. Kontena tupu likiletwa, kwanza unaingia ndani, mwenzako anakufungia milango, nawe unasimama gizani ukitazama juu na pembeni. Ukiona nukta ya mwanga, hapo pana tundu, na tundu la mwanga leo ni tundu la maji ya bahari kesho. Kontena hilo unalirudisha. Likiwa zima, unaanza kugawa uzito. Vizito vinakaa sakafuni, tena vimetawanywa, maana ukivirundika upande mmoja ekseli ya trela, ule mhimili wa magurudumu, italemewa, na kwenye mizani ya barabara ya Houston utaambiwa ugeuze. Kila safu inafungwa kwa mikanda. Mapengo yanazibwa kwa magodoro na marobota ya nguo, na kwa hiyo godoro ndilo rafiki mkubwa wa mpakiaji. Mwisho kabisa mlango unapigwa lakiri, kile kipande cha chuma chenye nambari ambacho hakifunguki bila kukatwa. Ikifika Mombasa imekatwa, mjue mmeibiwa.

Niliuliza maswali mengi mno. Kwa nini hatupeleki magari Kenya? Bosi akanijibu kwamba usukani wa gari la Marekani uko kushoto, na kwetu uko kulia, kwa hiyo magari tuliyapeleka kwa Wakongo, ambako usukani huo ndio wa kawaida. Kwa nini meli ya Houston inakawia kuliko ya pwani ya mashariki? Kwa nini rangi ya kontena hili na lile hazifanani? Ikafika siku akaniambia, "Bwana Salim, nakulipa kubeba, au kunihoji?"

"Yote mawili," nikasema. Akacheka, akanijibu na swali la rangi.

Mwenzetu wa tatu alikuwa Mama Furaha wa Bukavu. Aliletwa Haltom City pamoja na wakimbizi wengine baada ya miaka kambini, na kwetu alikuwa mkuu wa vitu vinavyovunjika. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa sahani zake. "Papa Salim," aliniambia, "sahani ya nyumbani ikivunjika, analia mutu mumoja. Ya kutoka Amerika ikivunjika, analia kijiji muzima."

Sasa nifike kwenye jambo lililonionyesha kwamba Bosi wetu hakuumbwa kwa ajili ya yadi peke yake.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kontena la shirika, yaani kontena moja linalochangiwa na familia nyingi. Wenyewe walikuwa watu wa chama chetu cha kusaidiana, Wakenya wengi na Watanzania wachache, na chama kilikuwa na wazee. Ugomvi ulizuka kwa sababu ya adabu. Wazee walitaka vitu vyao viingie kwanza, kama wanavyoingia kwanza mlangoni na kunawishwa kwanza mezani. Nani angebisha? Vikaingia kwanza, vikaenda kukaa kule mwisho kabisa ndani. Kontena likifika Mombasa, cha mlangoni ndicho hushuka kwanza. Redio za vijana zikachukuliwa siku ile ile, na mzigo wa mzee ukangoja hadi kila mtu amalize kuchukua chake na kulipa ushuru wake. Wazee wakaona wamedharauliwa. Mzee mmoja wa mji jirani wa DeSoto, mwalimu mstaafu, alisimama kwenye mkutano akatangaza kwamba yadi ya Arlington inaendeshwa na watoto wasio na malezi.

Chama kilikuwa karibu kuvunjika, na kikivunjika na sisi tungefunga. Bosi hakuandika waraka. Aliwaalika wazee wote yadini Jumamosi, akawawekea viti na chai ya maziwa, akawaonyesha kontena tupu.

"Wazee wangu," akasema, "leo sisi ni vibarua wenu. Tuambieni tupakie vipi, tutapakia hivyo hivyo."

Mwalimu akaamuru cha kwake kiingie kwanza. Kikaingia. Kikafuata cha mwenzake, na cha mwenzake, kisha vya vijana, mpaka tukajaza. Bosi akavua tai.

"Sasa tumefika Mombasa. Mwalimu, shemeji yako amekuja na mkokoteni. Tukutolee kabati lako?"

Mwalimu alitazama mlango uliojaa vitu vya vijana, kisha akatazama viatu vyake. Mzee mwenzake wa Kisii akamtania, "Lipitie juu ya paa, Mwalimu. Wewe si ulitufundisha kwamba penye nia pana njia?" Wote wakacheka, na Mwalimu mwenyewe akacheka mpaka akapangusa miwani.

"Haya," akasema, "vyetu vikae mlangoni. Lakini kule ndani ataenda nani? Hakuna atakayekubali."

"Vyangu," Bosi akajibu. "Kila kontena, vyangu vitaingia kwanza, na vya yeyote tutakayemchagua kutuongoza. Atakayeongoza angoje wenzake washuke."

Kisha Mwalimu akasema kama ni hivyo hapana haja ya kupiga kura, na palepale, vikombe mkononi, wakamfanya Bosi mwenyekiti wa chama. Ndio ushindi wake wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeegemea foklifti, nikajua nimeona kitu ambacho hakimo katika kazi nilizowahi kuzifanya.

Habari husafiri upesi kuliko meli. Haukupita muda, viongozi wa chama kimoja cha siasa cha nyumbani wakapita Dallas kutafuta uungwaji mkono. Walikula nyumbani kwa Bosi, na kabla ya kuondoka wakamwomba agombee ubunge jimboni kwao. Alicheka. Wakamwomba tena kwa simu. Mara ya pili hakucheka.

Wakati huo huo posta ikamletea wito aliousubiri miaka: afike Dallas siku fulani kula kiapo cha uraia wa Marekani. Sheria ya kwetu wakati ule haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Akiapa Dallas, hawezi kugombea kwao. Akienda kugombea, wito ule umekufa, na hata kadi yake ya ukaazi itakufa kwa kukaa nje muda mrefu. Akishindwa, hana bunge, hana Texas.

Mkewe, Mama Neema, alikuwa nesi, mwanamke asiyepunguza maneno. Nilikuwepo sebuleni kwao aliposema, "Watu wanavuka jangwa kwa miguu wakiitafuta karatasi hiyo. Wewe imekuja yenyewe kwa posta, unataka kuifanya kizibo cha chupa. Ukishindwa utakuwa nani?"

"Nitakuwa mtu wa kwetu aliyeshindwa. Wako wengi, Mama Neema, na hawajafa."

"Na watoto?"

Watoto walikuwa kwenye zulia wakitazama katuni. Wakajibu kwa Kiingereza, bila kugeuka, kwamba wao hawaendi. Mama Neema akamtazama mumewe muda mrefu, kisha akasema, "Nenda wewe kwanza. Ukishinda nitawafungasha hawa. Ukishindwa utanipigia simu mwenyewe, usimtume mtu."

Siku ya kiapo ikafika, na siku hiyo tulikuwa na kontena la kupeleka bandarini. Bosi akaja yadini na shati lake jeupe, akapanda kwenye lori upande wa abiria. Nilidhani anataka nimshushe mjini.

"Bosi, jengo la kiapo liko upande ule."

"Nalijua. Shika njia ya Houston."

Nikashika barabara ya arobaini na tano. Tulipita malisho na ng'ombe wao, tukapita mizani salama, tukaanza kuona mabomba na matangi ya mafuta ya Houston. Ndipo akasema, "Bwana Salim, wewe umeacha kazi nyingi. Unajuaje kwamba wakati umefika?"

"Nikiona hakuna nisichokijua."

"Na yadi?"

"Yadi bado sijaimaliza."

"Vizuri. Basi nakuachia wewe na Mama Furaha. Na nikianguka, msinirudishie kiti changu. Nitaomba kazi kama ulivyoomba wewe."

Bandarini winchi ililiinua kontena letu kama kibiriti. Aliliangalia hadi likatua juu ya mengine, akashika njia ya uwanja wa ndege siku chache baadaye, na nikawa msimamizi wa yadi, mimi ambaye sikuwahi kusimamia hata paka.

Miezi iliyofuata tuliishi kwa kadi za simu, zile za kukwangua nambari, zenye sauti ya mwanamke anayekukumbusha kwamba dakika zinakwisha. Habari hazikuwa nzuri. Wapinzani wake walikuwa wajanja. Hawakumtukana, walimheshimu kupita kiasi.

"Wananiita mgeni wa heshima," aliniambia. "Kila mkutano wananipa kiti cha mbele na maji ya chupa. Halafu wakipanda jukwaani wanasema, mmeona, hata maji yetu hawezi kunywa. Nikikataa kiti, nimewadharau wazee. Nikikaa, mimi ni Mmarekani."

"Sasa utafanyaje?"

"Vile vitanda viko wapi?"

Hospitali moja ya Fort Worth ilikuwa inabadilisha vitanda, ikavitoa vya zamani kwa chama chetu kabla Bosi hajafikiria ubunge, navyo viliahidiwa hospitali ya wilaya ya kwao. Kule wapinzani walikuwa wamekwisha kuviita vitanda hewa, vya kutajwa tu.

"Viko yadini," nikasema. "Nataka kuvifungua vipande viingie vingi."

"Usivifungue. Vipakie vizima, juu ya magurudumu yake."

"Bosi, tutapoteza nafasi. Juu kote kutabaki wazi."

"Jazeni magodoro na mashuka. Nataka vitoke vikitembea." Mwanamke wa kadi akatukata hapo.

Kitanda cha hospitali juu ya magurudumu ni kama mbuzi mbishi. Ukikifunga mbele, kinaponyoka nyuma. Tulikata mbao za kuzuia kila gurudumu, tukapitisha mikanda chini ya fremu, na Mama Furaha akakagua kila fundo akisema, "Hii iko legevu, Papa. Weye unafunga kama mutu anafunga kiatu." Tulipopiga lakiri niliona nimepeleka kura, si vitanda.

Yaliyotokea kule tuliyaona baadaye kwa mkanda wa video, tukiwa tumebanana sebuleni kwa Mama Furaha, Haltom City. Hema limesimamishwa uwanjani mwa hospitali, wakubwa wamekaa, mpinzani wake yumo mstari wa mbele na miwani ya jua. Mshereheshaji anamwita Bosi jukwaani kuhutubia. Hayupo. Anamwita tena. Kamera inazunguka, inamkuta ndani ya kontena, mikono ya shati imekunjwa, anang'oa mbao zetu kwa nyundo.

"Njia, jamani," anasema. "Nina mgonjwa." Anakisukuma kitanda kitupu, kinatoka kikiyumba, anakivusha kwenye vumbi hadi mlango wa wodi. Anarudi kuchukua kingine. Cha tatu, vijana wanamfuata. Kisha akina mama. Wakubwa wanabaki hemani na maji yao ya chupa, hawajui wakae au wainuke. Bibi mmoja anaelekezwa kinasa sauti, anasema, "Mliniambia ni mgeni. Mgeni gani huyu anafanya kazi kama ana deni na mkwe?"

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Mama Furaha peke yake hakucheka, alikuwa ameinama karibu na televisheni. "Angalia, anafungua mukanda wa nyuma mbele ya ule wa kati," alisema. "Atavunja kidole huyu."

Kidole hakikuvunjika. Jumamosi moja asubuhi, tukipima pipa la mtu wa Nakuru, simu ya yadi ililia. Sauti haikuwa sauti, ilikuwa mkwaruzo.

"Bwana Salim. Koo limeisha. Wamenipa."

"Wamekupa nini?"

"Jimbo. Wamenipa jimbo."

Nilimpa Mama Furaha simu, akasikiliza, akaiweka chini taratibu, kisha akapiga kigelegele ambacho naamini kilisikika Fort Worth. Wakongo wakaja na ngoma ya kanisani, Wakenya wakaja na mbuzi wawili, na Mwalimu wa DeSoto akaja na hotuba ndefu ambayo alitunyima nyama mpaka aimalize. Nilimpigia Mama Neema kumpa habari. "Ameshanipigia mwenyewe," akasema. "Niache, natafuta masanduku."

Mengine mliyasikia redioni. Alirudi bungeni mara ya pili kwa kura nyingi zaidi, chama chake kikamfanya mwenyekiti wa taifa, na serikali ilipobadilika akateuliwa waziri. Tuliiona siku hiyo pia kwa mkanda. Amevaa suti, amesimama wima, kitabu mkono mmoja, mkono wa pili juu, anaapa kuitumikia nchi yake. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anaiona ile barabara ya Houston.

Mwaka mmoja alikuja Texas kwa mkutano wa wafanyabiashara. Maofisa wake walimpangia hoteli ya Houston na kurudi. Akawaambia anakwenda Arlington, na kwa kuwa hapakuwa na ratiba ya Arlington, alikuja na gari moja tu. Mvi zilikuwa zimemjaa. Alimsalimia kila mfanyakazi kwa mkono, akaja akasimama mbele ya Mama Furaha, ambaye mwezi huo huo alikuwa ameapishwa kuwa raia wa Marekani.

"Nasikia umeapa, Mama Furaha."

"Niliapa, Mheshimiwa. Weye ulikataa hii, miye nikaitamani tangu kambini. Sikukuwa tena na inchi. Sasa niko nayo."

"Hongera sana, dada yangu. Uliogopa?"

"Niliogopa mukono utatetemeka."

"Wangu ulitetemeka," akasema Bosi. "Nashukuru kamera ilikuwa mbali."

Kabla ya kuondoka alinivuta kando, akaniambia kuna nafasi ya msaidizi ofisini kwake, nirudi nyumbani. Nilimshukuru. Nilimwambia ukweli, kwamba wakati huo tulikuwa tunaanza kupeleka mashine za kusaga na mitambo ya visima, na bado sijaelewa vizuri namna ya kuzifunga. Akanishika bega, akasema, "Basi kaa mpaka uelewe."

Nilikaa. Nimestaafu juzi tu, yadi nimemwachia Mama Furaha, ambaye anafunga mikanda vizuri kuliko mimi na anajua kukemea kuliko mimi. Mtu niliyekuwa nikibadili kazi kama shati nilidumu mahali pamoja mpaka magoti yakaniomba ruhusa. Vijana huniuliza kama uongozi husomewa. Mimi si wa kuulizwa habari za kusoma. Najua tu kwamba nilimwona mtu akiweka kwenye mizani kila alichokichuma Texas, akakiacha, akaenda kuomba kura kwa watu waliomwita mgeni, na leo hakuna pembe ya nchi ile asikojulikana. Kama kazi unayoifanya inakufundisha kitu kila wiki, usiione ndogo. Pengine aliye kando yako, mwenye buti zenye vumbi, anajifunza humo humo namna ya kuongoza taifa.

Nchi nzima sasa inamwita Mheshimiwa. Sisi wa yadi tukimpigia bado tunamwita Bosi, na kwa jina hilo huitika upesi zaidi.